Shamba la Uani Wakati wa Vuli

Wako watu waaminio kwamba jembe na mji ni vitu viwili visivyopatana. Kwa fikira zao, aliyetoka mashambani akaja mjini amekwisha kulitua jembe njiani kama msafiri atuavyo mzigo, na kulishika tena ni kurudi nyuma. Msomaji, mimi ni mwalimu, mkaa Nairobi, na tena ni mkulima. Nataka kukueleza kazi hiyo jinsi ilivyo katika majira ya vuli, ili upime mwenyewe kama ni aibu au ni heshima.

Shamba langu li uani, nyuma ya nyumba ninayopanga. Urefu wake ni mita 6 na upana wake mita 4. Mkulima wa Trans Nzoia akiliona atacheka, maana hata ng'ombe mmoja hawezi kugeuka ndani yake pasipo kukanyaga mboga. Lakini udogo wa shamba ni mwalimu mkali. Mwenye ekari kumi aweza kupoteza pembe moja asijue. Mwenye mita 24 za mraba hujua kila mche ulipo na hali yake.

Vuli yetu huanza Oktoba ikaisha Desemba. Huko Ulaya, Oktoba ni mwezi wa majani kupukutika, na mkulima hukusanya mavuno yake kabla ya baridi kuingia. Kwetu huo ni mwezi wa kupanda. Lakini apandaye Oktoba lazima awe ameanza kazi mapema. Rundo langu la mboji huanza Julai, wakati wa baridi, kwa samadi ya kuku, majani makavu, na maganda ya viazi na ndizi kutoka jikoni. Samadi ya kuku ina nguvu nyingi, na ikitiwa mbichi huunguza mizizi ya miche. Sharti ilazwe hata ioze, igeuke nyeusi, na harufu yake iishe. Mwanzoni mwa Septemba husia mbegu za sukuma wiki katika kitalu kidogo kilichofunikwa kwa nyasi. Mijakaranda ya mji inapochanua maua yake ya zambarau, udongo wangu umekwisha kulimwa na miche yaniangalia kana kwamba yaniuliza mvua i wapi.

Jirani yangu ni bibi mzee auzaye mboga sokoni, na sote mtaani humwita Nyanya. Mwaka wangu wa kwanza wa kulima aliniuliza nitapanda nini. Nikamjibu kuwa nitanunua mbegu za maharagwe mwisho wa mwezi. Akacheka kwa upole, akasema, "Mwalimu, mvua haijui siku ya mshahara." Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha mbegu, akaniambia nitamrudishia nikivuna. Nilikipokea kwa mikono miwili. Mvua ilinyesha siku ya nne yake, na mwezi wa Januari nilimrudishia kikombe chake kimejaa, pamoja na kingine cha shukrani. Tangu hapo mbegu huenda na kurudi kati ya nyumba zetu mbili kila mwaka.

Mvua ya kwanza isikudanganye. Manyunyu ya siku moja hulowesha vumbi tu. Chimba kwa kidole, na ikiwa unyevu haujafika chini, ngoja. Udongo ukisha kushiba, panda upesi. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mnavu hufuata, kisha sukuma wiki, ambayo majani yake huchumwa kutoka chini kwenda juu ili mche uendelee kukua. Maharagwe huhitaji miezi kama mitatu. Asiye na ua asikate tamaa. Katika mitaa kama Kibera watu hulima ndani ya gunia: hujaza udongo, wakasimamisha nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yashuke hata chini, kisha wakatoboa matundu ubavuni na kupanda mche katika kila tundu. Gunia moja huwa shamba lililosimama wima.

Habari ya maji yataka hesabu, nayo ni hesabu nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Basi paa la mabati lenye mita 20 za mraba, likinyeshewa milimita 10, hutoa lita 200, yaani pipa zima, kasoro maji machache yarukayo nje. Wanafunzi wangu hawaamini mpaka tupime. Pipa sharti lifunikwe, maana maji yaliyo wazi ni nyumba ya mbu. Na maji ya mtaro wa taka usiyatie katika mboga kamwe, hata kama jua ni kali, kwa kuwa ugonjwa uingiao kwa mboga hauulizi mlaji ni tajiri au maskini.

Hesabu hiyo ilitufaa. Tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika sehemu kubwa za Kenya, hasa kaskazini na mashariki, na mifugo mingi ikafa. Uani kwangu tulinywesha miche kwa kikombe, shinani tu, jioni. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na mvua ikanyesha kupita kiasi. Yule yule aliyelilia maji akawa anachimba mfereji wa kuyatoa. Mkulima, mkubwa au mdogo, hana budi kujiandaa kwa pande zote mbili.

Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Sheria imekwisha kulikubali jembe. Lililobaki ni mioyo yetu. Nilipokuwa mwanafunzi, aliyechelewa shuleni alipewa jembe, na aliyeshinda mtihani alipewa kalamu. Hivyo tulifundishwa, pasipo neno hata moja kusemwa, kuwa jembe ni la wakosaji na kalamu ni ya wenye akili. Fundisho hilo lingali hai. Mtaani kwangu wako vijana waliomaliza shule wakakosa kazi. Hushinda barazani mchana kutwa, na nyuma ya nyumba zao pana nafasi ya magunia kumi. Siwaiti wavivu. Mtu hawezi kukimbilia kwa furaha kitu alichopewa utotoni kama adhabu. Kwa hiyo darasani kwangu jembe halitolewi kwa kosa. Hutolewa kwa zamu, na kila alimaye hubeba nyumbani sehemu ya mavuno.

Sikudanganyi: shamba hili halinitajirishi. Hunipa mboga za nyumba yangu siku nyingi za juma, tangu Novemba hata Februari, na fedha ambayo ingekwenda sokoni hununua daftari za watoto. Kwa mwenye mshahara mdogo hilo si jambo dogo.

Basi, msomaji, usingoje kupata ekari. Julai ijayo anza rundo lako la mboji. Septemba tafuta gunia moja na mbegu kidogo, na ukizikosa, mwendee jirani kwa heshima. Wenzako wakikuuliza wafanya nini na jembe mjini, waambie wangoja mvua, na waoneshe kitalu chako.