Kutoka Bronx hadi Houston

Mwaka 2018 nilihama Bronx, New York, nikaenda Houston, Texas, kwa sababu moja tu: kodi ya nyumba. Bronx nilipanga chumba ndani ya nyumba ya watu, jiko na bafu tukichangia, karibu na reli ya treni namba 4 inayopita juu ya Jerome Avenue. Treni ikipita, vikombe vinatetemeka kabatini. Wenzangu waliotangulia Texas walikuwa wakinipigia simu: "Njoo, kaka, huku utapumua." Kwa pesa ile ile ningepata sebule, chumba cha kulala, jiko langu na mahali pa kuegesha gari. Walisema kweli.

Ila kodi ile ya Bronx ilikuwa imebeba mengi. Joto la nyumba lilikuwa humo humo. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba apashe joto kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, na maji ya moto yawepo mwaka mzima. Akizembea, mpangaji anapiga 311, namba ya jiji ya malalamiko. Kadi ya mwezi ya treni na mabasi ilikuwa dola 121, na treni zilitembea usiku kucha. Kwa sisi tuliokuwa tukibeba boksi na kutoka kazini saa nane usiku, huo ulikuwa uhai. Mama aliyefika juzi, mzee asiyejua kuendesha, wote walikwenda hospitali, sokoni na msikitini bila kumwomba mtu lifti.

Houston nilifikia upande wa barabara ya Bissonnet, kwenye maduka ya Waafrika, ambako unga na samaki wakavu hawakuwa taabu kupatikana. Basi lilikuwepo, tena nauli yake ni dola 1.25 wakati New York tulilipa 2.75. Lakini kulisubiri Agosti, joto limepita nyuzi 35 na kituo hakina kivuli, kunamchosha mtu kabla hajafika kazini. Nikanunua gari kwa mkopo. Bima ikafuata, mafuta, matairi. Bili ya umeme nayo ilipanda kila kiangazi, maana kiyoyozi hakizimwi.

Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo, na New York hukata ya jimbo na ya jiji pia. Hilo nililiona kwenye hundi, nikashukuru. Lakini mshahara wa chini Texas ni dola 7.25 kwa saa, wakati jijini New York ulifika 15 kwa waajiri wakubwa mwishoni mwa 2018.

Kisha ikaja Februari 2021. Barafu ilishuka, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, mabomba yakapasuka. Miaka yote ya theluji ya Bronx sikuwahi kulala na koti. Nililala nalo Houston.

Sijutii kuhama. Wenzangu kadhaa wamenunua nyumba huku, watoto wao wana uwanja wa kuchezea, na kwa familia yenye magari mawili ningesema Houston bila kusita. Anayefika peke yake, hana gari wala leseni, aanzie New York, hata kama ni chumba cha kuchangia. Na wewe unayepigiwa simu za kusifiwa mji, ukishauliza kodi ni kiasi gani, uliza pia utafikaje kazini.