KAMANDA WA BAHI KAZAA NA BINTI ZAKE!

Wiki iliyopita mwandishi wenu hakwenda disko wala ufukweni. Nilitupia nguo mbili kwenye begi, nikapanda basi la Manyoni pale Dodoma mjini, na baada ya kama saa moja hivi nikashuka Bahi. Nyie mnaoijua Bahi kwa mchele wake tu, taarifa ndiyo hii: ukiyaacha majaruba ukaingia ndani vijijini, benki ya watu ni ng'ombe.

"Mbukwenyi!" nilisalimia, nikijifanya mwenyeji. Watoto wakaangua kicheko. Mjomba akanipokea kwa ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Chipsi mayai haifui dafu!

Lakini sikufuata chakula. Marehemu mama aliacha ng'ombe mmoja kwenye zizi la mjomba, na mtamba aliyezaliwa na ng'ombe huyo ndiye urithi wangu. Mwaka huu alizaa kwa mara ya kwanza. Ndama alikuwa kidogo kama mbuzi, na hakumaliza wiki tatu. Nilitaka kujua kulikoni.

"Baba yake nani?" nilimuuliza binamu yangu.

"Kamanda."

"Na baba wa mtamba wangu?"

"Kamanda."

"Na yule mwekundu kule?"

"Kamanda, bwana!"

Jamani! Dume mmoja, mwaka wa 7 sasa, zizi zima ni lake. Kaoa mabinti zake bila aibu.

Jioni alipita bwana mifugo, nikambana. Akaniambia kila ndama hupata nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama. Kasoro nyingi hujificha, zinaibuka tu nakala mbili mbovu zikikutana. Baba akimpanda binti yake, kwa kila kinasaba kuna nafasi 1 katika 4 kwamba ndama atabeba nakala mbili zilizo sawasawa, zote zikitokana na nakala moja ileile ya dume huyo. Ndipo unapoona ndama dhaifu, wanaokua polepole, na majike wanaosumbua kushika mimba. Ila akanionya: ndama mmoja kufa si ushahidi, maana hata ndigana inaua ndama.

"Basi tulete dume la kizungu," nikajitia mjanja. Akacheka. Ng'ombe wa Kigogo ni wadogo, maziwa yao si mengi, lakini wanahimili jua, kupe na mabua makavu. Ukibadilisha mbegu yote, umeuza ngao yako. Na hao wa kizungu nao wana yao: huko Marekani, karibu madume wote wa Holstein wa uhimilishaji, ukifuata ukoo wa baba, wanarudi kwa madume 2 waliozaliwa miaka ya 1960.

Hata hapa mkoani tuna fundisho. Kituo cha mifugo cha Mpwapwa kilianza 1905, enzi za Mjerumani. Hapo walichanganywa ng'ombe wetu na wale wa India, Boran na Ayrshire, akapatikana ng'ombe anayeitwa Mpwapwa. Leo wamebaki wachache, na wakiwa wachache, kumkwepa ndugu ni kazi.

Dawa yenyewe si ya gharama: badilishana dume na mtu wa mbali kila baada ya miaka 2 au 3, kabla mabinti zake hawajaanza kupandwa. Apimwe kwanza, asije akaleta ugonjwa wa kutupa mimba. Madume wadogo wasiotakiwa wahasiwe.

Kumwambia mjomba ndiyo ilikuwa shughuli.

"Ulikuwa wapi wewe ukame ulipotumaliza?" alifoka. "Kamanda huyu alibaki amesimama!"

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikasema, "Mjomba, mimi ungeniruhusu nioe dada yangu?"

Kimya. Nikadhani nimeharibu. Mzee akachezea fimbo yake, akasema zamani ng'ombe walitembea: wa mahari walitoka kwa wakwe, wengine wakawekwa kwa rafiki vijiji vya mbali, njaa ikipiga huku wapone kule. Damu ilichanganyika yenyewe. Siku hizi mahari nyingi ni noti, na noti haizai ndama.

Asubuhi ya tatu alikuja rafiki yake kutoka upande wa Kintinku na dume mweusi, tayari amepimwa. Wamebadilishana kwa miaka 2. Kamanda aliondoka taratibu, akageuka mara moja. Mjomba hakugusa chai.

Kwenye basi la kurudi nilimfikiria mtamba wangu. Jibu litakuja na ndama ajaye. Na wewe msomaji mwenye ng'ombe kwa babu, likizo hii usiulize tu wako wangapi. Uliza baba yao ni nani!