Wanakijiji Walionunua Kisiwa Chao

Uskoti ni sehemu ya kaskazini ya Uingereza. Huko magharibi, kando ya bahari, kuna eneo linaloitwa Argyll na Bute. Linaongozwa na halmashauri yenye madiwani 36. Makao makuu yake ni mji mdogo wa Lochgilphead.

Eneo hili lina visiwa kama 23 vinavyokaliwa na watu. Bahari imeingia ndani ya nchi kavu kama vidole vya mkono. Kwa hiyo barabara huzunguka sana. Watu wa visiwani hutegemea vivuko. Bahari ikichafuka, kivuko hakiondoki. Abiria na mizigo husubiri.

Mvua ni nyingi na majani humea vizuri. Wakulima wengi hufuga kondoo na ng'ombe. Wengine huvua samaki. Lakini vijana wengi huhama kutafuta kazi na nyumba.

Kisiwa kimoja kinaitwa Gigha. Ukipanda kivuko kutoka Tayinloan, unafika kwa dakika 20. Zamani, kisiwa kizima kilikuwa mali ya mtu mmoja. Wanakijiji walikuwa wapangaji tu. Nyumba zao nyingi zilikuwa mbovu. Nani atajenga vizuri mahali ambapo si pake? Watu walizidi kupungua, wakabaki 98.

Mwaka 2001 mwenye kisiwa alitangaza kukiuza. Wanakijiji walifanya mikutano. Mwanzoni wengi waliogopa. Baadaye wakakubaliana kukinunua wao wenyewe. Bei ilikuwa paundi milioni 4. Walipata msaada wa fedha za umma, lakini milioni 1 ilikuwa mkopo. Mwaka 2002 kisiwa kikawa chao. Walichangishana, wakauza na jumba la mwenye kisiwa wa zamani. Mwaka 2004 mkopo huo ulikwisha.

Kisha walinunua mitambo 3 ya upepo iliyokwisha tumika. Mitambo hiyo ilifua umeme, nao wakauza umeme huo. Walianza pia kutengeneza nyumba. Kazi hiyo ilikuwa ya gharama kubwa, ikawaletea madeni mengine.

Hata hivyo, watu walirudi. Katika hesabu ya mwaka 2011 walikuwa 163. Upepo ule uliozuia vivuko sasa unawaletea fedha. Na mtu akitengeneza paa la nyumba yake, anajua kwamba hakuna wa kumfukuza kesho.