Binti yangu na sauti ya mnara

Tangu binti yangu aanze masomo ya urubani Uwanja wa Wilson, Nairobi, nimegundua kinachomtoa jasho mwanafunzi si usukani, ni redio. Ndege aliizoea mapema. Kuongea na mwongoza ndege huku mikono ina kazi, hapo ulimi uliganda.

Jioni tunafanya mazoezi jikoni. Mimi ndiye mnara, mwiko ndio maikrofoni. Namsomea maagizo naye anayarudia: njia ya kurukia, kimo, masafa ya redio. Asiporudia, mnara hauna njia ya kujua alichosikia. Tisa ya Kiingereza anaitamka "naina", kwa kuwa redio ikikoroma hufanana na tano. Mdogo wake naye sasa anahesabu hivyo shuleni, mwalimu ameshaniuliza.

Machi 1977, kule Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani, wakafa watu 583. Moja ilianza kupaa bila ruhusa, na maneno ya redioni yalikuwa na utata. Ndiyo sababu leo mnara hautamki neno la kupaa ila unapotoa ruhusa yenyewe au kuifuta.

Mwanzoni aliona haya kuomba arudiwe, maana marubani wote hewani wanamsikia. Nikamwambia, mama, omba hata mara tatu. Wiki jana aliomba mara mbili, na mwongoza ndege akarudia polepole, bila kukaripia.

Mwalimu wake anasema karibuni atashuka, amwachie ndege peke yake. Siku hizi simu yangu haitoki mkononi.