Kamera ya mtumba ya 2014, bado inamfaa anayeanza? (Sehemu ya 6)

Leo tunaacha homa na chanjo kidogo. Kuna mdogo wangu kaniandikia: mumewe kapata Sony a6000 ya mtumba, mtoto ana miezi saba, na yeye hajawahi kushika kamera maishani. Anauliza, hii kitu ya 2014 si imeshapitwa? Si bora waongeze hela wanunue simu kali?

Namjibu hapa ili na wewe usome, maana ndiyo kamera ninayotumia mwenyewe.

Inafaa. Ni katika zile kamera zisizo na kioo ndani, ndiyo maana ni ndogo, inakaa kwenye begi la nepi bila kukusumbua. Ina megapikseli 24, picha ya ukutani unachapa bila wasiwasi. Inapiga hadi picha 11 kwa sekunde, na mtoto anayetambaa hasubiri mtu.

Shida iko kwenye lenzi. Ile inayokuja nayo, ya 16-50, nje mchana ni safi. Jioni sebuleni na taa moja, hapana, mtoto akitikisa mkono tu picha imevurugika. Ukipata hela ya ziada usibadili kamera, tafuta lenzi ya 50mm yenye f/1.8. Namba ndogo maana yake tundu kubwa: inaingiza mwanga zaidi ya mara 9 ya ile ya kwanza ukiivuta hadi mwisho. Mpaka uipate, mpeleke mtoto karibu na dirisha, zima flashi, weka kasi 1/250.

Kama unataka video za TikTok, sikudanganyi, baki na simu yako. Haina 4K, haina tundu la maiki, na kioo chake hakiguswi.

Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani ya lenzi. Sisi wa pwani unyevu unatuletea fangasi, utaiona kama nyuzi za buibui. Fungua na menyu pia: zile zilizouzwa Japani zina Kijapani tu, na kuzibadili sio kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Betri nunua ya pili, moja inaishia kwenye picha mia tatu na kitu.

Sasa niseme kwa nini nakujibu kwa urefu hivi. Kuna mama alirudi wodini kwetu baada ya kumzika mtoto wake wa wiki tatu. Hakuja kutibiwa. Aliuliza kama kuna muuguzi yeyote aliyempiga mtoto picha, maana simu ya baba iliibiwa kwenye daladala na zote zilikuwa humo. Tulitafuta kwenye simu zetu, zamu zote mbili. Hakukuwa na hata moja, kwa sababu haturuhusiwi kupiga watoto wa watu. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za kamera, mimi sioni kama anajidekeza.

Ila jamani, zile picha za kichanga kashika kidevu kwa mikono, usijaribu nyumbani. Wapiga picha wanaozijua huwa na mtu anayeshika kichwa, kisha wanaunganisha picha mbili. Wako mlaze chali, mpige alivyo. Kifuniko cha lenzi na betri weka mbali naye, kila kitu kinaenda mdomoni, na ule mkanda usimwache nao.

Na wewe mdogo wangu, kila Jumapili hamisha picha kutoka kwenye kadi, nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi ya kuhifadhia ukamwachie bibi yake. Chache peleka studio zichapwe. Lenzi ya 50mm ukiipata niambie, nitakuelekeza kuiseti.