Kapu Moja, Nazi Tatu: Kutoka Kongowea hadi Mji wa Kale

Anayedhani kwamba sinia ya Pwani haipendezi bila pilau ya mbuzi au biriani ya kuku, na afuatane nasi kuvuka Daraja la Nyali baada ya swala ya alfajiri. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Soko la Kongowea limekwisha kuamka zamani. Malori yaliyosafiri usiku kucha kutoka nyanda za juu yanashusha viazi, kabichi na vitunguu. Ya Taveta yanashusha ndizi na nyanya. Na magari madogo ya Kilifi na Kwale yanashusha nazi, muhogo na mboga za majani zilizofungwa kwa miyaa.

Hatukwenda kutalii. Katika nyumba nyingi za jamaa zetu posho ya jikoni imebaki ileile ilhali unga, mafuta na mchele vimepanda bei. Mama hukopa dukani, jina lake huandikwa katika daftari, na mwisho wa mwezi daftari likifunguliwa huzuka maneno ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia. Baadhi ya ndoa zinayumba kwa sababu ya sufuria. Basi tukajiwekea sharti: tulishe nyumba ya watu saba kwa siku tatu, kwa fedha ambazo nyumba hiyohiyo ingezitumia jioni moja kwa kuku na chipsi za kununua. Kapu lilikuwa moja, na wabebaji watatu.

Jambo la kwanza Kongowea ni saa. Alfajiri ni saa ya wachuuzi, wanaonunua kwa gunia na kwa kreti. Mama wa nyumbani akifika wakati huo peke yake hatazamwi sana. Lakini tuliwaona akina mama wanne wa mtaa mmoja wamechangiana gunia la vitunguu, wakaligawanya palepale juu ya turubai, mmoja akipima kwa kopo huku wenziwe wakiutazama mkono wake kwa makini ya kirafiki. Anayenunua kwa fungu huwalipia faida watu wote waliosimama kati ya shamba na kapu lake. Asiyekuwa na wa kuchangiana naye, na aje jioni, maana nyanya na mchicha havilali. Muuzaji huona afadhali apunguze bei kuliko kurudi na mzigo. Nyanya zilizolainika, ambazo wengi huzipita kwa kuzidharau, ndizo hasa za mchuzi. Tulichukua fungu la hizo.

Lakini tulichoendea hasa ni nazi, na hapa tuseme wazi rai yetu, ijapokuwa wapo watakaoipinga. Fedha zikiwa chache, usizipunguze kwenye nazi. Punguza nyama, punguza mafuta ya kupikia, hata mchele ukibidi, nazi iache. Tui ni mafuta, ni mchuzi, na ni ladha, vyote kwa bei moja. Muhogo, kunde, ndizi mbichi, mchicha na papa mkavu ni vitu vya bei ndogo ambavyo peke yake huchosha ulimi, na vikishaingia katika tui huitwa chakula. Anayebana nazi ili anunue robo ya nyama hupata sufuria ya maji yenye vipande vya kuhesabiwa, na vita vya watoto juu yake.

Mzee mmoja aliyekuja na nazi zake kutoka upande wa Kilifi alituona tukichagua kwa ukubwa, akatikisa kichwa. "Wanangu, msitazame ukubwa. Tikiseni mwasikie maji." Akatuonyesha pia macho matatu ya nazi: yakiwa makavu na safi, chukua, yakiwa na ukungu au unyevu, weka chini. Na akatuonya juu ya koroma, ile ambayo imepita kuwa dafu na haijafikia kuwa nazi. Wauzaji wasio waaminifu huichanganya katika rundo, na tui lake ni jepesi kama maji ya kuoshea mchele. Tulinunua tatu. Akatuongezea fungu dogo la pilipili mbichi, tukamwombea baraka.

Tukavuka kurudi kisiwani. Daraja hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake lilikuwako daraja la kuelea. Marikiti hatukukaa sana. Harufu ya iliki na karafuu pale humfanya mtu anunue asivyovihitaji, nasi tulitoka na vitu vitatu tu: manjano, bizari nyembamba na ukwaju. Bizari inunuliwe nzima, ikaangwe kavu, isagwe nyumbani. Iliyosagwa zamani hupoteza harufu, nawe utatia vijiko viwili mahali pa kimoja.

Kutoka hapo tuliteremka hadi Mji wa Kale, tukapita upande wa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ilitupasa tutabasamu, kwa kuwa kapuni mwetu mlikuwa na muhogo na pilipili, mimea ambayo asili yake ni bara la Amerika na ambayo ilienea pwani hii katika zama za Wareno haohao. Mbaazi nazo asili yake ni Bara Hindi. Wageni hawa wameishi nasi muda mrefu hata wajukuu wetu huviita vyakula vya kizamani, wakakimbilia viazi vya kukaanga, ambavyo pia ni vigeni kutoka Amerika ileile.

Kwenye samaki, karibu na Bandari ya Kale, bei haisomwi ubaoni. Husomwa katika upepo. Kaskazi ikivuma, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia, vyombo hutoka, na samaki hujaa. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, bahari huchafuka, mashua ndogo hukaa pwani, na changu aliyekuwa wa kila mtu huwa wa wenye nazo. Mama anayetaka changu wakati wa kusi kali anashindana na hoteli, na hoteli itamshinda. Msimu huo ni wa papa mkavu na ng'onda, waliokaushwa kwa chumvi na jua wakati wa neema. Bibi zetu hawakuwa na friji, wala hawakulala njaa wakati wa kusi.

Siku yetu walikuwako vibua wengi. Kibua ana miiba, na kwa sababu hiyo wengi humpita. Lakini ana mafuta yake mwenyewe, akiwekwa juu ya makaa hahitaji mafuta ya chupa. Tulichukua saba, kila mtu na wake, pamoja na robo kilo ya papa mkavu. Muuzaji alituuliza kwa mzaha, "Mamangu, harusi lini?" Tukamwambia harusi ni leo, na bwana harusi ni mbaazi.

Hizo mbaazi tuliziroweka usiku ule, robo tatu ya kilo. Kurowekwa si mapambo. Mbaazi zilizolala majini huiva kwa nusu ya makaa, na siku hizi makaa na gesi ni sehemu ya bei ya chakula, ingawa watu wakihesabu huvisahau. Asubuhi tulimwaga maji ya kurowekea, tukazichemsha kwa maji mapya bila chumvi mpaka zikabonyeka kwa vidole. Huku nyuma mmoja wetu alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya kwanza. Machicha tuliyafinyanga kwa maji ya uvuguvugu, si ya baridi, kikombe kimoja tu kwanza. Lililotoka katika kifumbu ndilo tui la kwanza, zito, likawekwa kando na kufunikwa. Tukatia tena maji vikombe viwili, tukapata tui la pili. Wengi huchanganya yote pamoja kwa haraka, na hapo ndipo nazi mbili zinapofanya kazi ya moja.

Tui la pili liliingia katika mbaazi pamoja na kitunguu kilichokatwa, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, na sasa chumvi. Likachemka mpaka likakaribia kukauka. Ndipo moto ukapunguzwa, tui la kwanza likamiminwa, na mwiko ukazungushwa polepole bila kuachwa, ili tui lisikatike. Dakika chache tu, sufuria ikaepuliwa. Wali mweupe mchana. Usiku, zilizobaki, nzito zaidi na tamu zaidi, kwa chapati. Hakuna aliyeuliza nyama iko wapi.

Siku ya pili ilikuwa ya muhogo. Muhogo mzuri ukivunjwa ni mweupe bila mistari myeusi. Na onja kipande kidogo kibichi, uteme: ukiwa mchungu, usiupike wala usiwape watoto, kwa sababu muhogo mchungu una sumu. Wetu ulikuwa mtamu. Tuliumenya, tukatoa uzi wa katikati, tukauchemsha katika tui la pili na chumvi mpaka ukapasuka, kisha tui la kwanza na ndimu. Vibua walipakwa thomu, tangawizi, manjano na ndimu, wakakaa saa moja, wakaenda juu ya makaa. Muhogo uliobaki ulikaangwa asubuhi yake, ukaliwa na chai ya rangi, nyumba ikaokoa mkate wa siku hiyo.

Siku ya tatu nazi moja ililazimika kupika sufuria mbili. Papa alirowekwa katika maji ya moto, akasuguliwa mchanga na kupunguzwa chumvi, akachambuliwa vipande vidogo. Kitunguu, zile nyanya laini, manjano na bizari vilikaangwa kwa mafuta ya kijiko kimoja. Papa akaingia, kisha tui la pili, kisha maji ya ukwaju. Tui la kwanza tuligawa: nusu kwa papa, nusu kwa mchicha. Kwa sima, robo kilo ile ilitosha watu saba, kwa kuwa papa ni samaki wa ladha kali na mtu hatafuni vipande vingi.

Sasa tuje kwenye lililo zito kuliko bei. Katika nyumba tuliyopikia, baba mwenye nyumba hakuwa na neno juu ya mbaazi wala muhogo mpaka alipopata habari kwamba ndugu yake, anayefanya kazi Muscat, atafika siku ya tatu hiyohiyo. Uso wake ukabadilika. "Mtamwekea papa na sima?" akauliza. "Mtu ametoka ughaibuni." Alikuwa tayari kwenda dukani kukopa kuku wawili, na daftari lile halikuwa limekwisha kulipwa la mwezi uliopita.

Hatumlaumu. Kukirimu mgeni ni ibada kwetu, na hakuna anayependa kuonekana ameshindwa. Lakini ni lini tuliamua kwamba chakula chetu wenyewe ni aibu? Mama mmoja anayeuza mbaazi na mahamri katika uchochoro wa Mji wa Kale, ambaye sufuria yake huwa tupu kabla ya saa tatu asubuhi, alitwambia kwamba wateja wake wengi ni watu wenye magari. Wanakuja kununua kwa bei yake kile ambacho wangekipika kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, ila majumbani mwao sufuria ya mbaazi ikionekana mchana jirani atadhani mambo yameharibika. Alisema hayo bila kinyongo. Mbaazi hizo ndizo zilizowasomesha wanawe.

Na haya hujitokeza zaidi Ramadhani, mwezi ambao ulipaswa kutupunguzia matumizi. Bei hupanda kwa sababu sote tunakwenda sokoni siku moja. Mbaazi kavu, kunde, tambi na sukari haviozi. Anayevinunua kidogo kidogo kuanzia Rajab na Shaaban atauona mwezi ukiandama bila moyo kumdunda. Ni rahisi kusema, tunajua, kwa nyumba inayopata riziki yake siku kwa siku. Kwa nyumba kama hiyo, wanawake wanne na gunia moja ni jibu bora kuliko ushauri wetu.

Mama mwenye nyumba hakubishana na mumewe. Alisema tu, "Baba fulani, mwache shemeji aje kwanza," akaendelea kukoroga tui. Shemeji alifika baada ya swala ya adhuhuri, akanawa mikono, akafunua kawa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza papa huyu amenunuliwa wapi. Alikula mpaka akaomba ukoko wa sima. Jioni yake alimtuma mpwa wake Mji wa Kale akamletee kilo mbili za papa mkavu, akamsisitizia afungiwe vizuri katika karatasi na plastiki, maana safari hii alitaka kuondoka nao sandukuni.