Chombo na Mwenye Kukitumia

Katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, ambako riziki imenileta na kunikalisha kwa miaka kadhaa, chuo cha MIT kina somo ambalo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi mitambo hulisoma katika muhula wa vuli, na ambalo wao hulitaja kwa namba yake tu, 2.009. Muradi wa somo hilo ni kuiunda bidhaa mpya tangu fikra hadi chombo: kundi la vijana 15 hadi 20 hivi, ambao aghalabu hawajapata kufanya kazi pamoja, hupewa muhula mmoja, fungu la fedha na karakana iliyo wazi kwao, kisha hutakiwa wasimame mbele ya hadhira na chombo kinachofanya kazi, wakiwa na hesabu ya gharama za kukitengeneza, na hoja ya kuonyesha nani atakinunua na kwa haja gani. Makundi hujulikana kwa rangi, jekundu, la kijani, la buluu, la waridi, la fedha na kadhalika, na mwezi wa Desemba, siku ya maonyesho, ukumbi wa Kresge hujaa wazazi, walimu, matajiri watafutao pa kuweka mitaji, na wakazi wa mjini kama mimi.

Nami niliyeisomea shahada ya uhandisi mitambo nyumbani, Tanzania, nimetoka katika ukumbi huo na tafakari ndefu. Wengi husifu taa, muziki na ufasaha wa vijana, na kweli vinapendeza. Lakini nilichokiona mimi kuwa na thamani hutangulia usiku ule kwa wiki nyingi, nacho ni tartibu ya kazi yenyewe, yaani ni lini mwanafunzi hukutana na mtu atakayekitumia chombo, na ni lini huruhusiwa kukivunja alichokiunda akaanza upya. Katika mambo hayo mawili tofauti baina ya huku na kwetu ni kubwa kuliko tofauti ya mashine, wala kuiondoa hakuhitaji mali nyingi.

Kwetu, kama ajuavyo kila aliyepitia njia hiyo, miaka mitatu ya kwanza ni ya hisabati, mekanika, thamodinamiki, nguvu za mata na uchoraji wa kihandisi, na katika mwaka wa nne ndipo huja mradi. Mwanafunzi huchagua mada katika orodha iliyobandikwa ukutani, muhula wa kwanza huandika pendekezo na mapitio ya maandiko ya waliotangulia, muhula wa pili hufanya hesabu na michoro, na chuma, ikiwa fedha zimepatikana, hukatwa katika wiki za mwisho kabisa, wakati ambapo kosa lolote likionekana halina tena nafasi ya kusahihishwa. Insafu yanitaka niseme kwamba tunayo mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huyafanya viwandani kwa wiki 8 kila mwisho wa mwaka, na kwamba mhandisi wa kwetu aliyekaa likizo nzima ndani ya kiwanda cha saruji au cha sukari hutoka na maarifa ya mashine zilizochoka ambayo kijana wa Cambridge hana. Lakini kuitunza mashine ya mwenzio ni elimu moja, na kuizua isiyokuwapo ni elimu nyingine.

Mradi wangu mimi, katika chuo nisichokitaja, ulikuwa mashine ya kukuna nazi kwa mota ya umeme. Siku ya kuutetea, walimu waliniuliza kipenyo cha mhimili, nguvu ya mota, uhai wa beringi na kiasi cha usalama nilichokiweka katika hesabu, na yote hayo yalikuwa maswali ya haki. Hakuna aliyeniuliza itaoshwaje. Nazi huacha mafuta na chicha katika kila pembe na kila uwazi wa skrubu, na chicha hiyo ikilala usiku mmoja katika joto la pwani huchacha na kunuka, hata tui la kesho yake likaharibika. Kwa hiyo mama ntilie yeyote wa Tandika au Magomeni, lau angaliketishwa katika meza ile, angaliuliza swali hilo kabla ya jingine lolote, na jibu lake lingaligeuza umbo zima la mashine, kwa kuwa chombo cha kufunguliwa kwa mkono bila spana hakichorwi kama chombo cha kufungwa kwa bolti.

Sasa tazama yafanyikayo katika somo la 2.009. Katika wiki za mwanzo, kabla ya mtu kugusa chuma, kundi hugawanyika, kila upande ukaleta fikra kadhaa, na fikra zile zikafanyiwa vielelezo vya haraka kwa makaratasi ya boksi, sponji ngumu, mabomba ya plastiki, kamba na gundi ya moto. Kielelezo cha namna hii hakikusudiwi kupendeza; kazi yake ni kujibu swali moja lililo zito kuliko mengine, kwa mfano je, mkono wa mtoto utafika, au je, maji yatamwagika kifaa kikiinamishwa. Kikishajibu, hutupwa. Fikra zilizoshindwa huachwa zingali za karatasi, ile moja iliyobaki huundwa kwa ukubwa wake halisi, huchunguzwa tena na walimu na mafundi wa karakana, na ndipo chuma na plastiki ya kudumu huingia kazini. Kati ya hatua na hatua vijana hutumwa kwenda kuzungumza na watu wa kazi ambayo chombo kimekusudiwa kuifanya, nao hurejea mara nyingi wakiwa wamejifunza kwamba haja waliyoidhania siyo haja iliyopo.

Wala hawafiki mwaka wa mwisho wakiwa wageni wa karakana. Tangu miaka ya 1970 profesa Woodie Flowers, aliyefariki mwaka 2019, aliligeuza somo la awali la usanifu, lililoitwa 2.70 wakati ule na 2.007 siku hizi, kuwa mashindano: kila mwanafunzi hupewa mkusanyo wa vipande na vikorokoro vilevile, akaunda mashine yake mwenyewe, akashindana na wenzake hadharani mwisho wa muhula. Katika fikra hiyo ndimo yalimotoka mashindano ya roboti ya FIRST, ambayo Flowers aliyajenga pamoja na Dean Kamen kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari.

Hata hivyo Cambridge ina upungufu wake, tena upungufu ambao sisi hatunao. Mtumiaji wa huku mara nyingi hufanana na mwanafunzi mwenyewe: mpanda baiskeli, mpanda milima, mpishi wa nyumbani mwenye jiko kubwa. Haja kubwa zenye kubana, zile ambazo chombo kikikosekana mtu hakosi starehe bali hukosa riziki, ziko mbali naye, na vyombo vingi vinavyopigiwa makofi Desemba havifiki sokoni.

Ushahidi kwamba haja hizo ziko kwetu naupata katika kiti kimoja cha magurudumu. Mwaka 2005 Amos Winter, aliyekuwa mwanafunzi wa MIT, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya viti vya watu wenye ulemavu wa miguu, akakuta kwamba kiti cha kawaida hushindwa na njia za mchanga na matope, na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono hufaa barabarani lakini haingii ndani ya nyumba. Kiti walichokiunda yeye na wenzake huendeshwa kwa fimbo mbili zilizounganishwa na mnyororo wa baiskeli. Mtu akiishika fimbo juu, karibu na ncha, hupata nguvu kubwa ya kupandia mlima au kujitoa katika mchanga. Akiishika chini, karibu na egemeo, kila msukumo humpeleka mbali zaidi, na kiti kikaenda kasi katika njia tambarare. Hakuna gia ya kubadilisha, kwa kuwa mkono wa mwenyewe ndio gia. Fimbo hizo huchomolewa anapoingia nyumbani, na vipande vya kuharibika vimetokana na baiskeli, ili fundi wa kijijini aweze kuvibadilisha.

Lakini kiti hicho hakikuzaliwa hivyo. Matoleo ya awali yalikuwa mazito na mapana, nayo ndani ya nyumba yalikuwa tabu, na waliosema hivyo ni wale walioyaketia katika njia za Afrika Mashariki, watu ambao hawakuwa na shahada yoyote ila walijua upana wa mlango wa nyumba zao. Winter mwenyewe ameeleza hadharani jinsi maneno ya watumiaji yalivyoibadili kazi yake. Mimi nikiyatafakari hayo huona kwamba nusu nzima ya elimu ile ilifundishwa kwetu, na watu wa kwetu, kisha ikasafiri kwenda kupata cheti kwingine. Na moyo wangu huuma, si kwa kumhusudu aliyekuja kuitafuta, bali kwa kuwa wanafunzi wetu huishi mlango kwa mlango na walimu hao na hatuwatumi kwao.

Tena ndani ya MIT kwenyewe wapo walioligundua jambo hili mapema. Amy Smith, aliyewahi kujitolea kufanya kazi Botswana, aliasisi programu ya D-Lab mwaka 2002 kwa itikadi kwamba mwenye haja awe mbunifu pia. Kwa njia hiyo Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha aliyeunda vyombo vya kuendeshwa kwa pedali, alifika Cambridge kama mbunifu mwenzao, akarudi na kuwa miongoni mwa waasisi wa Twende, karakana ya Arusha ambamo wakulima na vijana hufundishwa kujiundia vyombo vyao. Kwa njia hiyohiyo Jodie Wu, baada ya kupata shahada yake ya uhandisi mitambo mwaka 2009, alihamia Arusha akaanzisha kampuni ya kuuza mashine ya kupukuchulia mahindi inayofungwa kwenye baiskeli.

Na wala fikra ya kuoanisha chuo na karakana si ngeni kwetu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, iliundwa mwaka 1973, mwaka uleule kitivo cha uhandisi kilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. CAMARTEC ya zana za kilimo na TEMDO ya usanifu wa mitambo zikafuata Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 chuo kikuu kilikuwa na taasisi yake ya kubuni mashine, IPI, ambayo baadaye iliunganishwa na kitivo hicho. Waliozianzisha waliona mbali. Hata leo, katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wanafunzi wanayo karakana ya ubunifu waliyosaidiwa na Chuo Kikuu cha Rice cha Texas, ambamo huunda vifaa vya hospitali. Kilichobaki ni kuifanya tabia hiyo iwe ya kila mwanafunzi, badala ya kuwa bahati ya wachache.

Sisemi tuige maonyesho ya Kresge. Nasema kielelezo cha boksi kiingie mwaka wa pili, wakati kosa bado ni rahisi, na fungu dogo la mradi litolewe mwezi wa kwanza badala ya mwezi wa mwisho. Nasema mwanafunzi anayetaka kuunda mashine aende kwanza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akae kutwa nzima na mafundi wanaokata bati na kuchomea vyuma kwa oda ya mteja aliyesimama mbele yao, aone jinsi wanavyobadilisha kipimo mteja angali anazungumza. Na katika meza ya utetezi, pamoja na walimu wawili au watatu, aketi fundi mmoja na mtumiaji mmoja, walipwe nauli na posho ya siku kama mtahini mwingine yeyote, na katika alama 100 za mradi wapewe 20 za kutoa wao peke yao, ambazo mwalimu hana ruhusa ya kuzigusa.